Njia nne za upinzani wa Japani: ipi inamfaa nani?

Usiku wa tarehe 8 Februari 2026, chama cha Liberal Democratic, LDP, kilizoa viti 316 kati ya 465 vya Baraza la Wawakilishi la Japani. Tangu Vita Vikuu vya Pili viishe, hakuna chama kingine kilichowahi kufikisha idadi hiyo. Miezi kumi na tano tu nyuma, Oktoba 2024, LDP hiyohiyo ilikuwa imeporomoka hadi viti 191, na watu walikuwa wakijiuliza kama ingemaliza mwaka madarakani.

Wapiga kura walikuwa walewale, na sura nyingi za upinzani zilikuwa zilezile. Vilivyobadilika ni viwili: waziri mkuu mpya, Sanae Takaichi, aliyependwa sana mitaani, na namna wapinzani walivyojipanga. La kwanza upinzani hauna mamlaka nalo. La pili ni lake wenyewe, na ndilo tunalolipima hapa.

Makala haya ni kwa anayeandika tasnifu na hajui ashike mkondo gani, kwa mwandishi wa habari anayetaka kuacha kuandika "upinzani wa Japani" kana kwamba ni kitu kimoja, na kwa aliye ndani ya chama cha upinzani popote pale, aliyeambiwa na wenzake, "Hebu angalia Wajapani wamefanyaje." Njia walizojaribu ni nne: kuungana kuwa chama kimoja, kuachiana majimbo huku kila mmoja akibaki na bendera yake, kwenda peke yako na kuuza kura zako bungeni, na kuingia upande wa serikali.

## Tunapima kwa nini

Kwanza tuelewe karatasi zenyewe, kwa sababu ugomvi wote unaanzia hapo. Mpiga kura wa Baraza la Wawakilishi hupewa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya jimbo: majimbo yako 289, kila moja lina mbunge mmoja, na anayeongoza anachukua hata kama amepata theluthi tu ya kura. Ya pili ni ya chama: viti 176 katika kanda 11, vinavyogawanywa kwa uwiano. Mgombea anaruhusiwa kusimama kote kuwili, kwa hiyo aliyeshindwa jimboni anaweza kufufuka kupitia orodha ya chama. Wajapani humwita mbunge wa namna hiyo zombi.

Kwenye karatasi hizo hakuna picha wala alama ya vema. Unachukua penseli na kuandika jina la mgombea kwa mkono wako. Kwenye karatasi ya pili unaandika jina la chama. Mwaka 2021 na 2024, vyama viwili vya upinzani vilivyotokana na tumbo moja, chama cha zamani cha Minshuto, yaani Rikken Minshuto na Kokumin Minshuto, vilisajili ufupisho uleule: Minshuto. Aliyeandika Minshuto tu, kura yake ilikatwa vipande na kugawiwa vyama vyote viwili, kwa kadiri ya kura ambazo kila kimoja kilipata kwa jina lisilo na utata. Yaani ugomvi wa ndugu hawa uliishia kwenye hesabu za desimali.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni vinne. Majimboni: njia hii inakusanya kura au inazitawanya? Kwenye orodha: jina la chama linavutia? Mashinani: wanaobandika mabango na kupiga simu wanaikubali? Na sera: mwisho wa siku kuna kitu kinapatikana?

## Njia ya kwanza: kuungana kuwa chama kimoja

Majimboni. Hapa ndipo muungano unapong'aa. Minshuto ya zamani iliundwa mwaka 1998 kwa kukusanya vipande vya waliotoka LDP, wasoshalisti na watu wa katikati. Mwaka 2003 ikameza chama cha Ichiro Ozawa. Agosti 2009 ilipata viti 308 kati ya 480 vya wakati huo, ikibeba majimbo 221 kati ya 300. Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba mwaka huo Chama cha Kikomunisti kilisimamisha wagombea katika takribani nusu tu ya majimbo. Muungano ule ulipata msaada wa pembeni ambao hakuna aliyeusainia.

Ukitazama 2026 picha inageuka. Januari 15, Rikken na Komeito walikubaliana kuunda chama kipya, Chudo, yaani njia ya kati. Komeito, chama kinachotegemea waumini wa jumuiya ya Kibuddha ya Soka Gakkai, kilikuwa mshirika wa LDP tangu 1999 na kilijitoa Oktoba 2025 kwa sababu ya kashfa za fedha za kisiasa. Kwa miaka yote hiyo wachambuzi walikadiria kwamba kila jimbo lina kura elfu kumi hadi ishirini za Komeito zilizokuwa zikimbeba mgombea wa LDP. Hesabu ya karatasi ilikuwa rahisi: ziondoe kule, zilete huku. Siku 24 baadaye Chudo ilishinda majimbo 7.

Kwa watu wa pwani, hiyo ni ndoa ya mkeka. Mtu aliyeandika jina la mgombea wa LDP kwa penseli kwa robo karne haamki asubuhi moja akaandika la mpinzani wake kwa sababu viongozi wamepeana mikono kwenye televisheni. Wapo walioandika, ila hawakutosha.

Kwenye orodha. Jina likipewa muda linajulikana. Likiwa na wiki tatu ni mtihani wa kumbukumbu. Lakini angalia nani alifaidi. Komeito ilikubali kutosimamisha mtu jimboni, na kwa malipo hayo wagombea wake waliwekwa juu kabisa kwenye orodha za kanda. Wote 28 walipita. Waliotoka Rikken, chama kilichopata viti 148 mwaka 2024, walipita 21. Mdogo aliingia na viti 24 akaongeza vinne. Mkubwa akapoteza nyumba. Yukio Edano, Katsuya Okada na Ichiro Ozawa, majina ambayo kila mfuatiliaji wa siasa za Japani anayajua, wote wakaanguka.

Mashinani. Muungano hubeba makundi yote ndani, na makundi hayo husubiri siku ya uamuzi mgumu. Mwaka 2012 waziri mkuu Yoshihiko Noda, akisaidiwa na LDP na Komeito, alipitisha sheria ya kupandisha kodi ya matumizi kutoka asilimia 5 hadi 10. Ozawa akaondoka na wabunge wapatao hamsini. Desemba mwaka huo Minshuto ilibaki na viti 57.

Sera. Ukishinda, unatawala, hakuna njia nyingine inayotoa hilo. Ila bei ya kuungana ni kulainisha msimamo, na hapa kuna kisa ninachokiona ndicho kichungu kuliko vyote. Mwaka 2017 gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, alifungua chama chake cha Kibo na kusema wanaopinga sheria za ulinzi za 2015, zinazoruhusu jeshi kusaidia nchi rafiki iliyoshambuliwa, hatawapokea. Edano na wenzake waliokataliwa ndio walioanzisha Rikken, na Oktoba ile wakakipita Kibo kwa viti. Miaka tisa baadaye, ili kufunga ndoa na Komeito, chama kilichozaliwa kwa kukataa sheria zile kilisaini kwamba haziendi kinyume na katiba. Sisemi kilikosea. Nasema mpiga kura aliyekuwa nacho tangu 2017 alikuwa na haki ya kuuliza anaandika jina la nani.

Inamfaa nani. Chama kilicho karibu na madaraka kweli, chenye miaka miwili au mitatu ya kuzoeana kabla ya kura. Mwenye wiki tatu aachane nayo, labda kama yeye ndiye mdogo katika ndoa hiyo.

## Njia ya pili: kuachiana majimbo

Waliofuatilia Ukawa ya 2015 Tanzania hawahitaji kuelezwa kuachiana majimbo ni nini. Kwa Japani njia hiyo ilikomaa kati ya 2016 na 2021, baina ya Rikken (na chama kilichoitangulia), Chama cha Kikomunisti, Wasoshalisti na baadaye Reiwa ya Taro Yamamoto, huku vikundi vya wananchi vilivyopinga sheria za ulinzi vikiwa wasuluhishi.

Majimboni. Inafanya kazi, na inapimika vizuri. Katika uchaguzi wa Baraza la Washauri, yaani baraza la juu, kuna maeneo 32 yenye kiti kimoja. Mwaka 2013, kila chama kikienda kivyake, upinzani ulishinda mawili kati ya 31 ya wakati huo. Mwaka 2016, ukiwa na mgombea mmoja kila mahali, ulishinda 11. Mwaka 2019, 10. Mwaka 2022 makubaliano yakalegea na ushindi ukashuka hadi 4. Sioni njia ya kuzisoma namba hizi bila kukiri kwamba kuachiana kuna faida.

Mfano wa karibu ni jimbo la Tokyo namba 8, mtaa wa Suginami, mwaka 2021. Nobuteru Ishihara wa LDP, katibu mkuu wa zamani na mtoto wa gavana maarufu, alikuwa amelishika kwa miaka. Mwanzoni mwa Oktoba, Yamamoto alisimama Shinjuku na kutangaza kwamba yeye ndiye atagombea pale. Wakazi waliokuwa wamemtembeza Harumi Yoshida wa Rikken nyumba kwa nyumba walipandwa na hasira, wakajitokeza na mabango yao: mgombea wetu ni Yoshida. Siku chache baadaye Yamamoto akajiondoa. Yoshida alimshinda Ishihara vizuri, na Ishihara hata kwenye orodha hakufufuka. Funzo la Suginami ni kwamba makubaliano ya viongozi bila watu wa mtaa hayana miguu, na watu wa mtaa wakikubaliana, viongozi hufuata.

Kwenye orodha. Hapa ndipo panapovuja. Chama kisicho na mgombea jimboni hakina mtu wa kupiga kelele mtaani, na kura yake ya chama hupungua. Kwa upande wa pili, Rikken ilipoonekana bega kwa bega na Wakomunisti, baadhi ya wapiga kura wa katikati waliandika jina la chama kingine. Mwaka 2021, wapinzani wakiwa wameachiana zaidi ya majimbo 200, Rikken ilishuka kutoka viti zaidi ya 100 hadi 96. Ishin, chama cha Osaka kilichokuwa nje ya makubaliano, kikapanda kutoka 11 hadi 41. Edano akajiuzulu uongozi.

Mashinani. Kikwazo kina jina: Rengo, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lenye wanachama karibu milioni saba. Mwenyekiti wake tangu Oktoba 2021, Tomoko Yoshino, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, amekataa waziwazi ushirikiano na Wakomunisti. Ugomvi huo ni wa miongo mingi, unatoka viwandani. Rikken inawahitaji wote wawili, nao hawakai meza moja.

Na Wakomunisti wenyewe hulipia. Amana ya mgombea wa jimbo ni yeni milioni 3, na inapotea akikosa sehemu moja ya kumi ya kura halali. Kutosimamisha mtu kunaokoa fedha, lakini kunamaliza sauti. Mwaka 2024 waliamua kusimama katika majimbo zaidi ya 200. Gazeti lao, Akahata, ndilo lililofukua kashfa ya fedha za makundi ya LDP iliyobadili uchaguzi ule. Wao wenyewe wakashuka kutoka viti 10 hadi 8, na waliovuna ni wengine.

Kuwa mkweli, 2024 pia inaisumbua hoja yangu. Bila makubaliano ya kitaifa, Rikken ilishinda majimbo 104. Hasira ya umma ikiwa kubwa vya kutosha, mpiga kura hujipangia mwenyewe.

Sera. Kidogo. Unapata orodha ya mambo mliyokubaliana, na mkishindwa inabaki karatasi.

Inamfaa nani. Vyama visivyoweza kuishi nyumba moja lakini vyenye adui mmoja, hasa kwenye maeneo ya kiti kimoja ya baraza la juu na chaguzi ndogo. Chama kinachoishi kwa kura za orodha kitahesabu hasara.

## Njia ya tatu: kwenda peke yako na kuuza kura bungeni

Mfano wake ni Kokumin Minshuto ya Yuichiro Tamaki (hapa tuiite Kokuminto), kipande kilichokataa kuingia Rikken mpya mwaka 2020.

Kwenye orodha ndipo ilipo nguvu yake, basi tuanzie hapo. Mwaka 2024 Tamaki alikuwa na hoja moja: fedha zinazobaki mkononi baada ya makato. Aliichagua inayoeleweka na mtoto wa chuo. Mwanafunzi anayefanya kibarua dukani alikuwa akihesabu saa zake kila ifikapo Novemba, kwa sababu akipita yeni milioni 1.03 kwa mwaka mzazi wake anapoteza nafuu ya kodi. Mwenye duka anakosa mtu Desemba, mwezi wenye wateja wengi. Tamaki akasema ukuta huo usogezwe hadi milioni 1.78. Chama kikapaa kutoka viti 7 hadi 28, na katika baadhi ya kanda majina ya wagombea yakaisha kwenye orodha, viti vikagawiwa wengine.

Majimboni ni dhaifu, isipokuwa pale ambapo vyama vya wafanyakazi vya kampuni kubwa vina mizizi. Mashinani kuna utulivu, kwa sababu hakuna wa kugombana naye.

Sera. Hapa kila kitu kinategemea kama serikali ina wingi. Februari 2022 Kokuminto ilifanya jambo ambalo wapinzani hawafanyi: iliipigia kura bajeti ya serikali, ikitumaini kushushwa kwa kodi ya petroli. Serikali ilikuwa na wingi wake tayari, na kodi ile haikuguswa. Baada ya 2024, LDP ikiwa haina wingi, simu zilianza kuita. Hata hivyo muuzaji hakuwa mmoja: mapema 2025 LDP iliona bei ya Kokuminto ni kubwa, ikaenda kwa Ishin, ikawapa elimu ya sekondari ya juu bila ada, na bajeti ikapita. Kokuminto ilisubiri hadi Desemba 2025 kuipata milioni 1.78, na mwezi huohuo nyongeza ya yeni 25.1 kwa kila lita ya petroli ikafutwa. Kwa chama chenye wabunge chini ya thelathini katika Baraza la Wawakilishi, si haba.

Sanseito, chama cha wazalendo wakali wanaonadi "Wajapani kwanza", nacho hutembea peke yake, ila hakiuzi, kinasubiri kukua. Kilipata viti 14 kwenye uchaguzi wa baraza la juu Julai 2025 na viti 15 kwenye ule wa Baraza la Wawakilishi Februari 2026. Team Mirai ya mhandisi Takahiro Anno, iliyoanzishwa 2025, ilipata viti 11, vyote vya orodha.

Inamfaa nani. Chama kidogo chenye hoja moja inayoshikika na bunge lisilo na mwenye wingi. Sasa, LDP ikiwa na zaidi ya theluthi mbili, bei ya kura hizo imeanguka: hata muswada ukikataliwa na baraza la juu, wabunge 310 wanaweza kuupitisha tena. Kokuminto bado ina viti 28. Wateja ndio wamepungua.

## Njia ya nne: kuingia upande wa serikali

Hii nitaipita haraka, kwa sababu ukishaichagua si mpinzani tena. Ishin, chama cha Osaka kilichoasisiwa na Toru Hashimoto, kilisaini na LDP tarehe 20 Oktoba 2025 na kesho yake Takaichi akawa waziri mkuu. Hakikuchukua wizara hata moja.

Majimboni: LDP haikuwaachia, Februari 2026 walishindana hata Osaka. Kwenye orodha: Ishin ilitoka na viti 36 kwa jumla, karibu na ilivyokuwa. Mashinani: Osaka, ambako mwaka 2024 ilishinda majimbo yote 19, ngome haitetereki, nje ya Osaka wanachama wanauliza tofauti yao na LDP ni ipi. Sera: walitaka viti vya bunge vipunguzwe kwa asilimia 10, na muswada ukakwama Desemba. Komeito kwa miaka yake 26 na LDP ilifanikiwa zaidi. Chakula kutozwa kodi ya asilimia 8 badala ya 10 ni kazi yake.

Inamfaa nani. Mwenye ngome ya mkoa ambayo hakuna anayeweza kumnyang'anya, na orodha fupi ya madai. Asiye na ngome atamezwa.

## Ukiwa katika hali gani, utazame wapi

Kama uchaguzi uko wiki chache mbele na vyama havijazoeana, soma Suginami 2021 kabla ya kusoma 2009. Jimbo moja moja linaweza kupangwa kwa siku tatu, chama hakiwezi.

Kama una miaka miwili na mpinzani amechokwa, njia ya Minshuto ya zamani bado ndiyo pekee iliyowahi kuiondoa LDP kwa kura zake yenyewe. Soma pia 2012, ujue ni suala gani litawatenganisha, mlijadili kabla ya kuingia ofisini.

Kama chama chako ni kidogo na bunge halina mwenye wingi, fuata Tamaki, lakini kumbuka kuna muuzaji mwingine pembeni mwenye bei nafuu.

Kama wapiga kura wako ni wa shirika, waumini au wafanyakazi, uliza kwanza kama wataandika jina la mtu wa chama kingine. Komeito ilijua jibu, ndiyo maana ilidai orodha na ikawaachia Rikken majimbo.

Na kama wewe ni mfuatiliaji tu, weka alama kwenye kalenda: chaguzi za pamoja za serikali za mitaa ni Aprili 2027, na baraza la juu, ambako LDP na Ishin kwa pamoja bado hawana wingi, linapiga kura majira ya joto ya 2028. Maseneta wa Rikken na Komeito hawakuingia Chudo. Walibaki kwenye vyama vyao vya zamani. Junya Ogawa, aliyechukua uongozi wa Chudo baada ya Noda wa Rikken na Tetsuo Saito wa Komeito kujiuzulu, ana chama chenye nyumba baraza moja na wageni baraza la pili, na yale maeneo 32 ya kiti kimoja yanamsubiri aamue nani asimame wapi.